Tarehe Haijulikani

Kazi ya Kokugonza ilikuwa ngumu kuwaeleza majirani, kwa hiyo alikwisha kuacha kueleza. Mama wa nyumba ya pili alijua tu kwamba mke wa Fundi Mashimba anakaa ndani akisoma magazeti ya zamani kwenye kompyuta na mwisho wa mwezi analipwa, na kwa jinsi alivyolitamka hilo neno "analipwa" ungedhani anasema "anaroga". Mama yake mzazi, kule Muleba, aliwatangazia wanaparokia kwamba binti yake ni mhadhiri, na hakuna aliyekuwa na nguvu za kumsahihisha.

Aliyeielewa kazi yenyewe ni mtu mmoja tu katika nyumba ile ya Buswelu, Mwanza, naye alikuwa baba mkwe wake, Mzee Machibya.

Mzee alihamia kwao baada ya kufiwa na mkewe. Alikuwa mstaafu wa Doria ya Mwambao, kikosi kilichokuwa kikizunguka ziwani kusaka nyavu haramu na wezi wa mashine za boti, kabla hakijavunjwa na askari wake kutawanywa huku na huko. Wiki ya kwanza alikaa kimya kama mgeni. Ya pili alivuta kiti hadi karibu na meza ya Koku na kuuliza, kwa neno la Kisukuma la kumwita mama, "Mayu, hivi unaandika nini humo kutwa nzima?"

Koku akamweleza. Kuna shirika la utafiti linalokusanya habari za vyombo vya ulinzi na usalama: kikosi gani, kiongozi wake nani, alikuwa wapi, tangu lini hadi lini. Habari zote zinatoka kwenye mambo yaliyokwisha kutangazwa, hakuna siri ya mtu. Wengine kule ofisini wanaingiza majina ya viongozi. Yeye kazi yake ni chanzo: jina la gazeti, kichwa cha habari, mwandishi, tarehe lilipotoka, ukurasa, na siku ambayo yeye mwenyewe amelisoma.

"Na tarehe isipokuwepo?"

"Naitafuta, baba. Nikiikosa naandika haijulikani."

"Huandiki ya kukisia?"

"Siandiki."

Mzee akaegemea kiti kwa raha, kama mtu aliyekutana ugenini na anayeongea lugha ya kwao. "Sawasawa. Mimi vijana wangu nilikuwa nawaambia, daftari la doria si barua ya mchumba. Nani kaleta habari, kaileta saa ngapi, nani kaiandika. Habari isiyo na saa ni umbea."

Tangu siku hiyo wakawa kama watumishi wawili wa ofisi moja. Kila saa nne, Koku alipoleta chai, mzee aliuliza, "Leo tumepata nini?" Akasomewa. Mara nyingine akapinga, mara nyingine akakumbuka jina la mtu na kusema, "Huyu alikuwa mpiga filimbi mzuri sana," jambo ambalo fomu haikuwa na mahali pa kuliweka. Kitu kimoja tu hawakukubaliana: ndizi. Mzee alishikilia kwamba ndizi ni tunda, na mtu mzima hawezi kupewa tunda akaambiwa amekula.

"Ninyi Wahaya mmesoma sana," alikuwa akisema, akiisogeza sahani, "mpaka mmesahau chakula."

Lakini alikuwa anamaliza.

Siku ya Jumatatu, kama saa tatu asubuhi, Koku alifungua habari iliyotoka kwenye tovuti ya gazeti liitwalo Ghuba Yetu, gazeti dogo la kanda ambalo lilikwisha kufa. Kichwa chake kilisema: MITUMBWI KUMI NA MINNE YATEKETEZWA NYABUSALU. Aliisoma taratibu, kalamu mdomoni. Askari wa Doria ya Mwambao walifika Nyabusalu, mwalo wa wavuvi upande wa Magu, "Jumanne iliyopita" wakitafuta makokoro, nyavu haramu za kukokota. Makokoro hawakuyaona. Waliikusanya mitumbwi iliyokuwa mchangani, wakaimwagia petroli na kuichoma moto, na miongoni mwake imo ya watu waliokuwa wakinyoosha leseni zao mikononi. Wenye mitumbwi walipokwenda kulalamika, waliambiwa siku hiyo hakukuwa na doria yoyote upande ule. Mwandishi, Venant fulani, alimalizia kwa kusema kwamba mashuhuda walimtambua aliyeongoza kazi hiyo kuwa ni Inspekta S. Machibya.

Koku aliitoa kalamu mdomoni.

Nje, chini ya upenu, baba mkwe wake Simeo Machibya alikuwa anasikiliza redio na kumkaripia mtangazaji kwa kutotaja saa.

Alirudi kwenye tarehe. Tovuti ilisema: 6 Juni 2014. Akapumua. Mzee alistaafu 2012, sherehe yake yeye Koku aliihudhuria akiwa bado mchumba, na alikula ubwabwa hadi akaona aibu. Basi si yeye. Ni Machibya mwingine, maana Machibya ukanda huu ni wengi kama mawe ya Mwanza.

Raha hiyo ilidumu kama dakika tano. Kwa mazoea tu, akafungua habari nyingine za tovuti ileile. Ya maandalizi ya Nanenane: 6 Juni 2014. Ya bei ya pamba: 6 Juni 2014. Ya ubarikio wa kanisa uliofanyika, kwa maelezo yake yenyewe, mwaka 2007: 6 Juni 2014. Gazeti zima la miaka kumi lilikuwa limezaliwa siku moja. Alikwisha kuona mambo ya namna hii mara nyingi. Tovuti ikihamishwa, habari zote huvikwa tarehe ya kuhama. Tarehe ile haikuwa ya gazeti. Ilikuwa ya fundi wa kompyuta.

Saa nne alileta chai.

"Leo tumepata nini?" mzee akauliza.

"Leo mtandao unasumbua, baba," Koku akasema. Ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa yule mzee.

Mashimba alirudi saa kumi na mbili, mikono bado inanuka oili. Alikuwa na karakana ya mashine za boti karibu na mwalo wa Kirumba, na jina lake lilikuwa limeanza kupendwa: ukimpelekea mashine iliyokufa, inarudi inacheka. Koku akamvuta chumbani akamwonyesha.

Mashimba alisoma mara mbili. Alikuwa mtu wa masihara, lakini sasa uso ulimkauka.

"Hapa imeandikwa 2014," akasema.

"Hiyo si tarehe yenyewe."

"Nani kasema?"

Koku akamweleza habari ya tovuti na ubarikio wa 2007.

"Sawa. Wewe fomu yako inauliza nini? Tarehe iliyo kwenye chanzo. Chanzo kimesema 2014. Andika 2014, uende kupika. Hutakuwa umedanganya hata herufi."

"Nitakuwa najua."

"Kujua si dhambi, Koku. Watu wote wanajua mambo." Aliketi kitandani na kuvua viatu kwa hasira. "Nusu ya mashine zilizoko karakana zinatoka mialo ya kule. Nyabusalu wenyewe wananiletea. Wanasema, twende kwa Fundi Mashimba. Unataka wajue fundi Mashimba ni mtoto wa nani? Na mzee, una hakika gani kama ni yeye?"

"Sina. Ndiyo maana nataka kulitafuta gazeti lenyewe."

"Ungekuwa Msukuma ungeelewa," Mashimba akasema. "Mtu hafukui nyumba ya baba mkwe."

Lilikuwa neno la kuumiza na alilijua. Chakula cha jioni kililiwa kwa kupitishiana chumvi bila kutazamana. Mzee aliwaangalia mmoja mmoja, akala ndizi zake zote bila neno, na hilo peke yake lilitosha kuonyesha kwamba amehisi kitu.

Kesho yake Koku alimpigia simu Florian, msimamizi wake aliyekuwa Arusha, akamwambia ukweli wote: kuna habari, kuna jina, na huenda jina hilo lipo uani kwake likisikiliza redio.

Florian hakupiga kelele. Alikuwa kijana mpole mwenye sauti ya kuhesabu. "Umefanya vizuri kusema. Jina hilo usiliguse, ataliingiza mtu mwingine. Na ukitaka hata chanzo tukupokonye, tutakupokonya. Hakuna atakayekulaumu."

"Na tarehe?"

"Atakayepewa ataandika haijulikani. Nani mwingine anajua pa kulipata hilo gazeti?"

Hapo ndipo alipojibana mwenyewe, kwa sababu yeye alijua. Mhariri wa zamani wa Ghuba Yetu, Mwalimu Alexander, alikuwa akiishi Mkolani, na alikwisha kumsaidia mara mbili kwa simu.

Akamwambia mzee anakwenda mjini kikazi. Mzee akamwambia achukue mwavuli.

Mwalimu Alexander alikuwa mtu mrefu aliyevaa koti la suti juu ya kaptula. Magazeti yake yalijaa chumba kizima, yamefungwa kwa kamba mwaka kwa mwaka, na kuku wawili walikuwa wamejipatia makazi juu ya mwaka 2003.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibu kwenye makumbusho. Huyo kuku usimguse, amelalia."

Koku alieleza anachotafuta. Alexander akakuna kidevu. "Nyabusalu. Naikumbuka. Venant alirudi na suruali imeungua pindo. Ilikuwa kabla ya uchaguzi, sijui ni ule wa elfu mbili na tano au ule wa elfu mbili na kumi." Wakaanza kufungua mafurushi. Walipiga chafya zamu kwa zamu. Kila furushi Alexander alikuta habari aliyoandika mwenyewe na kusimama kuisoma kwa sauti, na Koku akajifunza kumwitikia "ehee" bila kuacha kufunua.

Furushi la 2009 lilikuwa na matundu. Kurasa nyingi zilikuwa zimekatwa maumbo ya ajabu, kola, mfuko, mguu wa suruali.

"Huyo ni mke wangu," Alexander akasema kwa huzuni. "Rose ni fundi cherehani. Karatasi za kukatia vipimo ni ghali, na yeye anasema habari zikishasomwa zimesomwa. Nimemkataza, lakini nimemkataza kwa sauti ndogo."

Na ndivyo walivyolipata, likiwa limekatwa mkono wa blauzi. Robo ya habari ilikwenda na ule mkono. Lakini juu ya ukurasa, palipo salama, iliandikwa: Jumamosi, Mei 23, 2009. Ukurasa wa 5. Na chini, ambako tovuti haikuwa imeweka kitu, kulikuwa na picha. Moshi, mchanga, mitumbwi inawaka, na mbele yake mwanamume amesimama mikono nyuma, kofia imenyooka, masharubu mazito. Koku hakuwahi kumwona mzee akiwa na masharubu. Lakini kule kusimama, mguu mmoja mbele kidogo kama anayesikiliza, alikuona kila asubuhi pale upenuni.

Aliupiga picha ukurasa. Akaandika kwenye kitabu chake: gazeti, kichwa, mwandishi, tarehe, ukurasa, nakala imeonekana wapi, imeonekana siku gani. Mkono ulikwenda wenyewe. Ulizoea.

"Umekipata ulichotaka?" Alexander akauliza.

"Nimekipata, mwalimu," Koku akasema, na akaomba maji ya kunywa.

Alimkuta mzee pale pale. Jua lilikuwa bado juu. Koku alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, jambo ambalo mkamwana hapaswi kulifanya mbele ya baba mkwe, lakini miguu ilikuwa imechoka na yeye alikuwa amechoka kukwepa.

"Baba, jana nilikudanganya. Mtandao haukusumbua."

"Najua. Uliendelea kusoma kwenye kompyuta muda mfupi baadaye."

"Kuna habari nimeipata. Tarehe yake ilikuwa haieleweki, leo nimekwenda kuihakikisha. Nimeona ni bora uione kwangu kuliko uisikie."

Akampa simu. Mzee akatoa miwani, akaipangusa kwa shati, akakuza ile picha kwa vidole viwili kama alivyofundishwa na wajukuu wa jirani. Alisoma muda mrefu kuliko urefu wa habari. Redio ilikuwa inatangaza dawa ya kuku. Hakuizima.

"Hapa pamekatwa nini?" akauliza hatimaye.

"Mkono wa blauzi. Mke wa mhariri ni fundi cherehani."

"Aha." Akakuza tena. "Ukurasa wa tano. Mimi nilidhani ningewekwa wa kwanza."

Koku hakujua kama acheke. Mzee naye hakucheka.

"Huyu Venant amekosea," akasema.

Moyo wa Koku ukaruka. Alitambua, kwa aibu, kwamba siku mbili hizi alikuwa akingoja sentensi hiyo hiyo. "Amekosea wapi, baba?"

"Ameandika kumi na minne. Ilikuwa kumi na saba. Mitatu ilikuwa nyuma ya mabanda, kwenye matete. Tuliichoma mwisho, yeye alikuwa amekwisha kuondoka, suruali imeshika moto." Akamrudishia simu kwa uangalifu, kama kitu kinachovunjika. "Niliihesabu mwenyewe. Mimi nahesabu kila kitu."

"Mlikuta makokoro?"

"Hatukukuta. Tulikuwa tumekesha siku tatu tunawafuata wenye makokoro, wakatukimbia kwa mashine kubwa kuliko zetu. Vijana walikuwa na hasira. Na mimi nilikuwa na hasira kuliko vijana. Tukafika pale tukakuta watu wanaanika dagaa." Akavua miwani. "Mwanamke mmoja alinionyesha leseni. Nilimwambia aisogeze pembeni isiungue."



"Jioni nilirudi kituoni," mzee akaendelea, "nikafungua daftari la doria. Nikaandika jina langu. Nikalifuta. Ndiyo siku pekee katika miaka thelathini na moja ambayo haimo. Walipokuja wale watu kulalamika, ofisi ikafungua daftari na kuwaonyesha: siku hiyo hakuna aliyetoka. Na kweli haikuandikwa. Nimewafundisha vijana wangapi kwamba lisiloandikwa halikutokea? Siku ile somo langu lilinisaidia mimi mwenyewe."

Alisimama, akazima redio.

"Sasa fomu yako inasemaje kwa mtu kama mimi? Ina mahali pa mtu aliyekuwepo?"

"Ipo ya mahojiano. Lakini mimi siruhusiwi kukuhoji, baba. Mimi ni mkweo."

"Hiyo ni sheria nzuri," mzee akasema. "Mwite anayeruhusiwa."

Florian alikuja wiki ile ile, akiwa amevaa shati jeupe lililopata vumbi la Buswelu kabla hajafika mlangoni. Mashimba alikataa kukaa sebuleni. Alibaki uani akisafisha kabureta iliyokuwa safi tangu jana yake.

Koku alipeleka chai na kutaka kuondoka, lakini mlango wa jikoni haukufungwa vizuri, na hakuufunga.

"Kabla hatujaanza, mzee," Florian akasema, "una haki ya kukataa jina lako lisitajwe. Tunaweza kuandika 'afisa mstaafu'. Wengi wanachagua hivyo, na hakuna ubaya."

"Afisa mstaafu ndiye nani?"

"Ni namna ya kukulinda."

"Kijana, hao watu wa Nyabusalu wameambiwa miaka kumi na mitano kwamba hakuna mtu. Leo uwaletee afisa mstaafu?" Mzee alikohoa. "Simeo Machibya. Andika na cheo nilichokuwa nacho. Na leo ni tarehe ngapi? Iandike. Na saa."

Walizungumza saa mbili. Alitaja nani alitoa petroli, nani alitoa amri, na hapo alisema "mimi" bila kuongeza neno. Florian alipouliza kama aliagizwa na mkubwa wake asiandike kwenye daftari, mzee alifikiri. "Nikisema ndiyo nitapumua. Lakini hakuna aliyeniambia. Waliona ukurasa mweupe wakafurahi tu." Mwisho Florian aliuliza kama maelezo hayo yanaweza kupelekwa kwa wenye mitumbwi, kwa sababu walikuwa na kikundi chao na bado walikuwa wanaandika barua.

"Wapelekeeni," mzee akasema.

Mashimba aliingia mgeni alipokwisha kuondoka. Alisimama mbele ya baba yake, kabureta mkononi.

"Ulikuwa unaniambia nisiibe hata peremende," akasema.

"Nilikuwa nakuambia."

"Sasa mimi karakana nitawaambia nini?"

"Utawaambia mimi ni baba yako. Au utawaambia si baba yako. La pili nitalielewa."

Mashimba akaitazama ile kabureta kana kwamba jibu limo ndani, kisha akaenda kuiosha tena.

Habari zilifika Kirumba kabla ya barua yoyote, kama kawaida ya habari. Ngosha, mvuvi aliyekuwa mteja wa Mashimba tangu karakana ilipokuwa turubai, alikuja kuchukua mashine yake ikiwa imefunguliwa nusu. Mashimba alimwomba angoje aifunge. Ngosha akasema hapana. Akaipakia kwenye mkokoteni ikiwa wazi, skrubu zote akazitia kwenye bakuli la plastiki, na akapita nalo katikati ya mafundi wenzake Mashimba, bakuli linalia kwacha kwacha, kila mtu anatazama. Siku hiyo Mashimba alirudi mapema. Wateja wengine wawili wa Nyabusalu nao wakapotea. Wa tatu alibaki, akasema yeye hana undugu na mtumbwi wa mtu, ana undugu na mashine yake, na inawaka.

Kwa Koku, Mashimba alikuwa na adabu ya kutisha. Alimsalimu asubuhi, alimsalimu jioni. Siku moja tu, wakiwa wanakunja mashuka, alisema, "Lile neno la Msukuma nililokuambia."

"Ndiyo."

"Nilikosea," akasema, na akavuta pembe yake ya shuka.

Mzee kwa upande wake aliendelea kuuliza kila saa nne wamepata nini. Ila sauti ilikuwa imeshuka, na siku nyingine alisahau chai ikapoa.

Wiki ya sita tangu Florian aje, siku ya Alhamisi mchana, Koku aliitikia hodi akamkuta mwanamke wa makamo, kitenge cha kijani, bahasha ya kaki kwapani.

"Hapa ndipo kwa Machibya?"

"Ndipo. Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi naitwa Modesta. Natoka Nyabusalu."

Koku akageuka na kumkuta mzee amekwisha kusimama pale upenuni, amevaa miwani, mikono nyuma. Kisha akaonekana kugutuka kwamba amesimama vile, akaishusha mikono na kukaa.

Modesta hakungoja kukaribishwa mara ya pili. Alikaa, akatoa karatasi mbili kwenye bahasha. Ilikuwa orodha ya majina, iliyoandikwa kwa mkono. Alisema wakili wao anataka maelezo ya mzee yaambatane na majina ya wenye mitumbwi, na mzee aweke sahihi kila ukurasa kama anakubali.

"Naweza kusoma kwanza?"

"Soma. Sisi tumengoja, hatuna haraka."

Mzee alisoma kwa kidole, jina moja baada ya jingine. Alipofika mwisho akarudi juu na kuhesabu tena, midomo inacheza.

"Kumi na saba," akasema.

"Ndiyo. Kumi na saba." Modesta akakitengeneza kilemba chake bila sababu. "Gazeti lilisema kumi na minne. Unajua hilo lilitufanya nini? Kila ofisi tuliyokwenda, walilitoa gazeti. Mwenyekiti alisema hao watatu wa mwisho wamejibandika, wanataka kula kwa mgongo wa wenzao. Hata wenzetu wenyewe, kwenye kikundi chetu, walianza kutuangalia. Tukawa tunakaa nyuma kwenye vikao."

"Mliokuwa nyuma ya mabanda," mzee akasema polepole. "Kwenye matete."

"Kwenye matete."

"Wako ulikuwa upi?"

"Wa kumi na sita. Mwangalie hapo, Shimba Luhende, ni mume wangu. Amekufa mwaka juzi wanamwita mwongo." Hakulia. Alikuwa amekwisha kulia huko nyuma, kwa wakati wake. "Hiyo karatasi ya kwenu ilipofika nilimwambia mtoto anisomee pale penye hesabu. Akasoma. Nikamwambia rudia. Akarudia mpaka akachoka."

Mzee alitaka kusema kitu. Koku alimwona akikitafuta, akiufungua na kuufunga mdomo. Kilichotoka hatimaye kilikuwa kidogo mno kwa kazi iliyokuwa mbele yake.

"Nisamehe, mayu."

"Hilo sijalijia leo," Modesta akasema, bila ukali. "Leo nimejia sahihi."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Akaomba kalamu. Aliweka sahihi ukurasa wa kwanza, akaandika tarehe, akatazama saa ukutani kupitia dirishani, akaandika na saa. Ukurasa wa pili vivyo hivyo. Kisha akaandika jina lake lote kwa herufi kubwa, ili asije mtu akasema halisomeki.

Mashimba alifika Modesta anamaliza maji ya kunywa. Koku alimtambulisha kwa ufupi, Nyabusalu, mtumbwi wa kumi na sita. Mashimba akasimama akiwa na kofia mkononi, hajui aiweke wapi.

"Ulikuwa na mashine gani?" akauliza, kwa sababu hakuna kingine alichojua kumwuliza mtu mwenye mtumbwi.

Modesta akamtazama, na kwa mara ya kwanza uso ukalegea. "Mashine tungeitoa wapi, mwanangu? Ulikuwa wa makasia."

"Nitakupeleka stendi," Mashimba akasema. "Pikipiki ipo."

Modesta akarudisha karatasi kwenye bahasha, akaibana kwapani na kusimama. Pale mlangoni akageuka.

"Kuna wale wengine wawili. Wamesema na wao watakuja kukuona. Mmoja ana maneno makali, nakwambia mapema."

"Waje," mzee akasema. "Siku hizi sina zamu. Nipo tu."